Kura Yangu Uliitia Wapi?

"Ukimpa kura yule muuguzi, mimi na wewe hatutaelewana!"

Msusi alisema hayo huku amezikamata nywele za mteja wake, na alizivuta kwa hasira mpaka mteja akapiga ukelele.

Mume wa Msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda kwa sababu ya kupiga kinanda kwenye harusi, alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni, fimbo yake nyeupe mkononi. Alikuwa haoni tangu utotoni, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye mkutano wa chama cha wasioona, ambako wagombea wawili, muuguzi na mjomba wa Msusi, walikuja kuomba kura.

"Mbona unafoka? Nimekusimulia tu tuliyoyasikia."

"Haya, mmesikia lipi la ajabu?"

"Mjomba wako kaahidi shule, kaahidi basi la bure, kaahidi fimbo kwa kila mtu. Nikamuuliza, lini? Akasema Mungu akipenda. Nikamuuliza, wale walimu wa watoto wasioona uliotuahidi uchaguzi uliopita wako wapi? Akasema swali zuri, akakaa."

Mteja akacheka. Msusi akamfinya bega.

"Na huyo muuguzi wenu?"

"Kaahidi kitu kimoja tu. Kasema shule hawezi kuijenga kwa muhula mmoja, na hatatudanganya. Ila atahakikisha kila kituo kinapata kile kibao chenye matundu. Unachomeka karatasi, unapapasa, unaweka alama mwenyewe. Asiyeona apige kura bila kushikwa mkono."

"Kushikwa mkono na nani?"

"Na yeyote."

"Na mimi, sema tu! Nguo nikuchagulie mimi, barabara nikuvushe mimi, leo nimekuwa yeyote? Huniamini?"

"Hilo limetoka wapi? Nakuamini kuliko macho ambayo sina."

Loo, kama angejua! Kinanda alisikia kitana kikianguka sakafuni, na hakuna aliyekiokota.

Hapo ndipo simu yake ilipolia mfukoni. Simu ya Kinanda ilikuwa ikimsomea kila kitu kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa kubwa, maana alishazoea makelele ya ukumbini. Jana yake mkewe aliishiwa chaji, akaiazima kumpigia mjomba. Mjomba, mtu mzima mwenye haraka zake, sasa akajibu kwa ujumbe kwenye namba ileile bila kuuliza ni ya nani.

Kinanda akabonyeza. Simu ikasoma:

"Mpwa wangu, nashukuru kwa salamu. Usiniangushe. Kura ya mumeo itie kwangu kama mara ile. Yeye hata hajui."

Mteja akainuka polepole, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama timutimu.

"Mimi nitarudi baadaye, dada."

"Kaa!" wote wawili wakamfokea. Akakaa.

"Mume wangu..."

"Kura yangu uliitia wapi?"

"Nisikilize kwanza."

"Nakuuliza wewe! Mle ndani ya kichumba cha kura nilikwambia umtilie nani?"

"Yule mwalimu mstaafu aliyeshindana na mjomba."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia tayari."

"Ukamtilia nani?"

Msusi akaanza kulia.

"Mjomba ndiye aliyenilea! Baba alipokufa nani alitupokea mimi na mama? Ningemtazamaje usoni? Damu ni nzito, mume wangu. Halafu ilikuwa kura moja tu!"

"Ndiyo hiyo moja tu niliyokuwa nayo!"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye nguo hiyo alikuwa akilala nayo kila siku.

"Unakumbuka matokeo yalipotangazwa? Nililia mimi. Nikasema angalau tulijaribu. Ukanifuta machozi kwa kanga yako, ukaniambia pole. Pole ya nini, mwanamke? Uliyeniliza ni wewe!"

"Nilitaka kukwambia. Nikaogopa."

"Shati ukinichagulia baya, watu watacheka, yatapita. Lakini kile kichumba ndipo mahali pekee niliposema neno langu mwenyewe, nawe ukalimeza."

"Nisamehe. Safari hii nitatia unapotaka, naapa."

"Hutatia popote."

Tangu hapo Kinanda alilala sebuleni. Akiandaliwa chakula, anakula. Akisemeshwa, anajibu "ndiyo" na "hapana". Msusi akadhani hasira zitaisha, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa kinyongo.

Siku ya uchaguzi Msusi alimfuata mpaka kituoni, akapanga foleni nyuma yake. Zamu ilipofika, msimamizi wa kituo, mama mmoja mwenye sauti ya mafua, akauliza:

"Baba, msaidizi wako ni nani?"

"Ni mimi," Msusi akadakia. "Mimi ni mke wake."

"Si yeye," Kinanda akasema.

Foleni nzima ikageuka.

"Mume wangu, usinifanyie hivi mbele za watu."

Kinanda akamgeukia msimamizi. "Mama, una ndugu yeyote anayegombea?"

"Sina, baba."

"Mimi unanijua?"

"Hata jina silijui."

"Basi nisaidie wewe. Mbele ya mawakala wote wa vyama, ukitia alama wasikie nimesema nini."

"Mawakala hawaruhusiwi kusikia, baba. Utaninong'oneza mimi peke yangu, na mimi nimekula kiapo."

"Mwenzako naye aliapa, siku ya ndoa," Kinanda akasema. "Ila twende."

Alipotoka, kidole kikiwa na wino, Msusi alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Umempa nani?"

"Kura ni siri."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Msusi akajifuta pua.

"Bado mimi ni mkeo?"

Kinanda akamgeukia.

"Mke ni wewe. Nyumbani utarudi, na mimi nitarudi. Lakini ndani ya kile kichumba hutaingia nami tena, hata tukizeeka."

Akatangulia na fimbo yake. Msusi akamfuata nyuma, mkono ameunyoosha nusu, asijue kama bado anaruhusiwa kumshika.