Spika za Baba na Bwana Najua

Amplifaya ikazima tena, palepale baba alipoanza kuimba kwenye kanda.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mume, dereva wa lori, alikuwa ameitoa kwenye boksi asubuhi ileile, taa za bluu kama za harusi, boksi limeandikwa wati elfu moja. Spika zilikuwa za marehemu baba mkwe, kubwa, za mbao, na kanda ilikuwa ya kwaya yake. Amplifaya ya mzee mwenyewe ilishakufa. Kila sauti nzito ya mzee ilipoingia kwenye hii mpya, tak, kimya. Binti yake, mke wa dereva huyu na fundi cherehani, hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu msiba.

— Nilikwambia spika za baba zina...

— Najua, mume akamkatiza. Tutatafuta ya wati elfu mbili.

Mtaa mzima ulimwita Bwana Najua, na haukumwonea. Hata ukimwambia suruali imechanika nyuma, anajua.

Mke akachukua mkoba.

— Miaka sita sijawahi kumaliza sentensi ndani ya nyumba hii. Nakwenda kwa dada.

Siku nne mume alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Rudi basi, ya wati elfu mbili nimeshaipata." Jamani, huyu mwanaume! Akajibiwa: "Baki nayo."

Hiyo nayo ikazima vilevile, na Jumamosi akaenda nayo kwa fundi wa redio, mama mmoja asiye na mzaha. Fundi aliinyanyua kwa mkono mmoja, akacheka. Akamweleza kwamba namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia tu. Kuna spika ngumu kusukuma, besi ikiingia zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, na kitu chepesi namna ile hujizima kisiungue. Akauliza spika ni za omu ngapi, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, na mzee alikuwa akizipigia amplifaya gani.

Mume akaigeuza amplifaya, akatafuta maandishi nyuma.

— Mke wangu alishaniambia, akasema mwishowe.

— Alisemaje?

— Sikumsikiliza.

— Basi muulize. Mimi siuzi kwa kubahatisha.

Akamwandikia mkewe: "Fundi anauliza spika za baba ni za omu ngapi. Mimi sijui."

Mke aliusoma ujumbe ule mara mbili. Simu ya mume ikaita.

— Umeandika nini hapo?

— Sijui. Niambie, sitakukatiza.

Akamwambia. Ni za omu nne, na kwenye besi omu zinashuka zaidi, ndiyo maana zinavuta umeme mwingi. Baba alikuwa na amplifaya ndogo nyeusi, haina taa, lakini nzito, transfoma lake peke yake unalibeba kwa mikono miwili. Kisha akahama kwenye spika, akaingia kwenye ndoa. Mume alisimama kibarazani kwa fundi, jasho linamtoka, na kila "naj..." ilipompanda kooni aliimeza.

— Umemaliza? akauliza taratibu.

— Bado.

— Endelea, mke wangu.

Mke alikuja kumalizia mwenyewe dukani kwa fundi, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Akapita kwenye rafu akijaribu kuinua moja moja. Ya nne haikutikisika.

— Hii.

Iliandikwa wati sitini tu. Mume akaitazama ile namba, fundi akamtazama mume. Mume akainama akaibeba, na alikiona cha moto mpaka nyumbani.

Kanda ikaanza. Wakaimba wanawake, halafu akaingia baba. Amplifaya haikuzima. Sauti ya mzee ikajaa sebule, nzito, tulivu, kana kwamba yuko kwenye kiti chake, na binti yake akalia bila kujificha. Alikuwa amemkumbuka sana.

Mume akakaa sakafuni karibu yake, akamshika mkono.

— Hapo anaimba maneno gani? akauliza. Siyajui.

Mke akafuta machozi, akaanza kumweleza ubeti wa kwanza, na safari hii alifika mwisho.