Mafua ya Maximilla

Kila asubuhi Maximilla alifagia uwanja, akawapa mbuzi majani, kisha akabandika chai. Kazi ya chai ilikuwa ya mama yake, na kwa kweli Maximilla hakuiweza. Mara sukari ilizidi, mara majani. Baba yake, Bazilio, aliinywa yote bila kulalamika. Mama alikuwa amelazwa mjini Kasulu kwa nimonia kali, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine ilimsaidia kupumua, na dawa ilimfanya alale muda wote.

Jumamosi hiyo Maximilla alikuwa aende kumwona. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu kwa siku, na baba alimwachia nafasi yake. Kumbe binti ameamka na mafua! Alipenga kamasi nyuma ya jiko, akatafuna tangawizi, akanyamaza.

Shangazi yake, Ndayisenga, alimtengenezea kola ya gauni huku akimwagiza, "Ukifika, umshike mama yako mikono yote miwili, umsogelee usoni, umsalimie kwa Kiha, 'Mwakeye.' Kwetu mgonjwa hasalimiwi kwa mbali. Atadhani tumemchoka."

"Ndiyo, shangazi."

Maximilla na baba yake walitoka kijijini kwao Nyakitonto kwa pikipiki, wakafika hospitali wamejaa vumbi. Mlangoni mwa chumba kile walipokewa na muuguzi aliyeitwa Zuhra. Aliwanawisha mikono kwa sabuni, kisha akauliza, "Kuna mwenye mafua, kikohozi au homa?"

"Hapana, sista," Maximilla alijibu upesi.

Baba alikuwa na lake moyoni. "Sista, hii dawa ya usingizi haimdhuru mke wangu? Analala tu."

"Inamsaidia, baba. Bila dawa hiyo angeteseka na ule mpira wa mashine ulio kooni," Zuhra alisema. Akamgeukia Maximilla. "Shuleni mmesoma chembe nyeupe za damu?"

"Ndiyo. Ni askari wa mwili. Zinapigana na vijidudu."

"Vizuri. Sasa, baadhi ya dawa hizi za usingizi zinaweza kuwafanya askari hao wawe wazito. Wanachelewa kufika palipo na vijidudu, na wakifika wanavikamata vichache tu. Wataalamu bado wanachunguza ni kwa kiasi gani. Ndiyo maana daktari hampi mama dawa nyingi kuliko anayohitaji, na kila siku anaangalia kama inaweza kupunguzwa. Na ndiyo maana tunawauliza wageni kuhusu mafua. Kwako ni kamasi tu. Kwake yanaweza kuwa nimonia nyingine juu ya hii aliyonayo."

Maximilla alichungulia kupitia kioo cha mlango. Mama alilala chali, midomo imekauka, mikono juu ya shuka. Ilikuwa karibu kabisa, mikono ile! Alitamani kuishika kuliko kitu chochote duniani. Machozi yakamlengalenga.

"Sista, nimedanganya," alisema. "Nina mafua tangu asubuhi."

Baba alimkazia macho. "Maximilla! Tumetoka Nyakitonto kwa uongo?"

"Usimgombeze, baba," Zuhra alisema kwa upole. "Amesema kabla hajaingia."

Aliyeingia ni baba, amevaa barakoa. Maximilla alibaki kwenye benchi akilia. Jioni shangazi alipopata habari aliguna, "Kwa hiyo hukumsalimia mama yako?" Maneno hayo yalimuuma sana.

Dawa ilipunguzwa kidogo kidogo. Siku moja mama akafumbua macho, na baadaye mashine ikaondolewa. Mafua ya Maximilla yalipokwisha kabisa, mama alikuwa amehamishiwa wodi ya kawaida, akinywa uji. Maximilla alimkumbatia, wakalia wote wawili.

"Baba yako aliniambia uliishia mlangoni," mama alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Asante, mwanangu."

Baba alikuna kichwa, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mimi siku ile nilikasirika bure. Hatujui mafua yako yangemfanya nini, na nashukuru hatukujua. Ukiwa unaumwa, sema, hata kama kusema kutakunyima kitu unachokitaka sana. Ulimpenda mama yako kwa kukaa nje."