Vidonge vya Nyumba Mbili

Kila asubuhi ya zamu yetu, nikishafagia uwanja na kuchota maji, nilimpelekea Babu uji barazani kabla ya kwenda shule. Nasema zamu yetu kwa sababu Babu Mwinyimvua alikuwa na wake wawili pale Kaole. Siku mbili alikaa kwetu, kwa Bibi Mwanahija, mke mkubwa. Siku mbili alivuka kichochoro kwenda kwa Bibi Somoe. Huko ndiko alikokaa mjukuu wake mwingine, Dija, binti wa umri wangu, ambaye nilikuwa simpendi hata kidogo.

Kwa nini? Babu alituita sote "mke wangu," kwa utani wa babu na wajukuu. Lakini Dija aliitwa na Babu "mke wangu kipenzi." Nilisikia kwa masikio yangu! Roho iliniuma mpaka uji ukanishinda.

Mwaka ule wa 1955 Babu aliugua. Mkojo ulimtoka kwa shida, na mgongo ulimuuma hata kuinuka kwenye sijida ikawa kazi. Hospitalini Dar es Salaam walisema ni saratani ya tezi dume, tezi waliyo nayo wanaume chini ya kibofu, nayo ilikuwa imekwisha kuingia mifupani. Alirudi na chupa mbili, moja ya vidonge vyeupe na moja ya vidonge vya manjano, pamoja na karatasi ya maelezo.

Nani atunze dawa? Bibi zangu walibishana.

"Mimi ndiye mke mkubwa," alisema Bibi Mwanahija.

"Na mimi ndiye niliyemwuguza Dar," alijibu Bibi Somoe.

Mwishowe waligawana kama walivyogawana kila kitu. Vyeupe vikaja kwetu, vya manjano vikaenda kwa Bibi Somoe, na kila nyumba impe Babu dawa yake siku za zamu yake.

"Mwaija, hebu soma hiyo karatasi," Bibi aliniambia. "Hatujakosea?"

Nilikuwa darasa la nne, nilisoma na kuelewa vizuri kabisa. Kila siku, kimoja cheupe na kimoja cha manjano, pamoja. Lakini nikajiona nikimpelekea Dija vidonge vyetu, yeye ampe Babu, asifiwe yeye. Aka!

"Hamjakosea, Bibi," nikasema. "Kidonge kimoja kila siku."

Kuanzia hapo nikawa naombea vidonge vyetu vishinde.

"Dawa yenu chaki tupu!" Dija aliniambia kisimani. "Babu anapata nafuu akija kwetu."

"Nafuu ipi? Yenu itamgeuza manjano!"

Tulisukumana mpaka ndoo zikamwagika. Kusema kweli, Babu hakupata nafuu kwetu wala kwao. Akaanza kusali amekaa. Baada ya mwezi mmoja, akihamia kwa Bibi Somoe, miguu ilimshinda katikati ya kichochoro. Alikaa chini mchangani, jasho likimtiririka, asiweze kwenda mbele wala kurudi kwetu.

"Nishike, Mwaija," alisema kwa sauti ndogo. Nililia kama mtoto mchanga.

Majirani walimwingiza kwa Bibi Somoe. Bwana Ausi, dresa aliyetibu wagonjwa zahanati, akaja na baiskeli yake. Aliomba chupa zote mbili, akazitazama.

"Mwezi umekwisha na vidonge vimebaki nusu huku na nusu huku," alisema. "Nani aliwasomea karatasi?"

Wote walinigeukia. Ningeweza kusema sikuelewa. Lakini Babu alikuwa amelala pale, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Ni mimi," nikasema. "Imeandikwa pamoja. Niliona. Sikutaka Dija apate dawa yetu."

Bwana Ausi alishusha pumzi.

"Dawa hizi si ngeni," alisema. "Hii ya manjano ilikuwa ikitibu maradhi mengine kabisa. Kila moja peke yake haiuwezi ugonjwa uliokwenda mbali namna hii, ndiyo maana madaktari wakaamua kuzitoa kwa pamoja. Hazitamponya. Zitampunguzia maumivu, huenda akatembea. Ninyi mmezitenganisha."

Nilingoja kuchapwa. Bibi Mwanahija hakunigusa. Aliiweka chupa yetu mkononi mwa Bibi Somoe.

"Zikae kwako zote, mwenzangu," alisema. "Na zamu zangu nimekuachia mpaka apate miguu."

Bibi Somoe alitokwa na machozi. "Ahsante, bi mkubwa. Njoo wakati wowote, hapa ni kwako."

Tulipofika nyumbani Bibi alinikalisha mbele yake. "Mimi na Somoe tumeoneana wivu miaka ishirini, na tuliogawana dawa ni sisi. Kosa hilo ni letu. Lakini wewe ulijua ukatuficha. Ukijua jambo la kumsaidia mgonjwa, liseme, hata kama sifa atapata usiyempenda."

Wiki ya pili ya kumeza vidonge vyote viwili kwa pamoja, Babu alisimama mwenyewe. Ijumaa akaenda msikitini kwa fimbo, polepole, na aliporudi watu walijaa barazani kumpa pole.

"Aliyenipa dawa kila siku ni huyu," alisema, akimwonyesha Dija. "Au siyo, Mwaija?"

Roho iliniuma, sitawadanganya. Bibi alikuwa ananitazama.

"Kweli, Babu," nikasema. "Ni Dija."