Waume Kumi na Mmoja wa Nyamizi

Wewe ulipita pale. Usinitazame hivyo. Ulishuka kwenye lori Isaka, ukanywa chai kwa Ramniklal, ukasogea kwenye dirisha lililoandikwa kwa rangi nyekundu SIMU YA UPEPO, WASAFIRI BURE. Ukatuma salamu zako mpaka Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, ukajibiwa, ukaondoka unacheka. Chini ya dirisha palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko. Uliliona. Ukageuza uso, ukajifanya unatafuta mzigo wako.

Wahenga walisema rahisi ghali. Hawakusema ghali kwa nani. Nitakwambia mimi.

Mashine hiyo ya redio ilikuwa ya Ramniklal, mwuza chai, pampu na vipuri. Aliifunga ili azungumze na mwanawe Nitin, mwenye duka Nyarugusu, na wakala wao wa Bulyanhulu. Asubuhi ilikuwa ya biashara. Kuanzia saa nane mchana mpaka kumi na mbili jioni akawaachia wasafiri, maana msafiri anayengoja zamu hunywa chai. Betri alilipa yeye, kibali alilipa yeye. Mshahara wa msemaji wa kuwasemea kwenye mashine, akasema, wasafiri watauchanga wenyewe kwenye kopo. Kopo likifunguliwa Jumamosi, ndani mna visoda, vifungo vya shati, na siku moja jino la mtoto.

Msemaji huyo alikuwa Nyamizi.

Bujiku alimwona mara ya kwanza mwezi wa nne, mwaka tisini na saba, alipokuja Isaka kutoka Nyarugusu kupokea pampu iliyoshuka na treni. Makuli walikuwa wanagombea mizigo, malori ya Rwanda yanapiga honi, hewa inanuka dizeli na mihogo ya kukaanga. Dirishani alikaa msichana mwenye gauni la kitenge cha kijani, mikono ya gauni imevimba kama maputo, hereni za plastiki za njano masikioni. Alikuwa anaipiga mashine makofi.

"Mwangaluka," Bujiku alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mashine imekufa, kaka. Kanywe chai."

"Nimekunywa vikombe vitatu. Hiyo haijafa, imezimia. Waya wa nyuma umelegea."

"Wewe daktari?"

"Fundi pampu."

"Hii haitoi maji."

"Hata wewe hutoi tabasamu, lakini kujaribu si kosa."

Alimfungulia mlango. Bujiku akaingia, katambuga zake za matairi zikiacha udongo mwekundu sakafuni, akakaza waya. Mashine ikakoroma. Kwa kawaida hakuna mgeni aliyeruhusiwa kugusa kitufe cha kuzungumzia, maana wasafiri walikuwa wanakibana mpaka betri inakata roho. Siku ile Nyamizi akasema, "Aliyeitibu aijaribu. Ukimaliza sema ova, uachie." Bujiku akamwita Gregory, msemaji wa Nyarugusu, akamwambia pampu imefika.

"Na kesho nikitaka kuzungumza na mashine hii?" aliuliza akiwa ameshafika mlangoni.

"Mashine haina mdomo."

"Basi na mwenye hereni za njano."

"Foleni ikiisha. Saa kumi na mbili kasoro robo."

Ikawa hivyo kila jioni, Bujiku akiita kutoka mashine ya dukani kwa Nitin.

"Umekula? Ova."

"Nimekula ugali na hasira za wasafiri. Wewe je, mpenzi? Ova."

"Mimi nimekula sauti yako. Ova."

"Basi utalala na njaa, leo imekauka. Ova."

Mtu wa Bulyanhulu akacheka humo humo, maana hewa ilikuwa moja na kila mwenye mashine alisikia. Hawakujali. Ilipofika Septemba, Bujiku alikuwa amekwisha mwomba baba yake mdogo atenge ng'ombe wa mahari.

Lakini Bujiku alimjua Nyamizi wa ile robo saa tu. Wa mchana hakumjua. Mchana Nyamizi aliwasemea wasafiri wote, na alisema kama wao. Hakusema "fulani anakuambia kwamba." Maneno hayo ya kuzunguka yalikula betri, na Ramniklal alikuwa mkali kwa betri. Mzee akitaka mwanawe aletewe dawa, Nyamizi alisema, "Mwanangu, kifua kinanibana." Mama akilia, sauti ya Nyamizi nayo ilitetemeka. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa visoda vyenu.

Siku moja ya Oktoba Bujiku alipita dukani kwa Nitin saa tisa mchana kutafuta mpira wa pampu. Gregory alikuwa nje anapima mafuta. Mashine ikaita, na sauti anayoijua kuliko ya mama yake ikasema:

"Ignas wa Bulyanhulu, mpenzi wangu, ni mimi. Nyumbani wamekubali. Njoo na wazee wako Jumamosi, nakungoja. Ova."

Bujiku aliuweka ule mpira juu ya meza taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Hakuuliza. Mwanaume aliyekwisha tengewa ng'ombe haulizi jambo la namna hiyo dukani, mbele za watu. Alituma ujumbe nyumbani ng'ombe warudi malishoni, akaingia kazini.

Jioni ile Nyamizi aliita mpaka koo likauma. Jioni ya pili Gregory akamjibu, "Bujiku yuko kazini." Ya tatu, vile vile. Wiki ya pili akaja Boaz, dereva wa lori la pamba.

"Dada, Bujiku anasema hongera."

"Hongera ya nini?"

"Mimi nimetumwa neno moja."

"Mrudishie. Mwambie hongera yake imenibana kwapani, hainienei."

Boaz alicheka. Nyamizi hakucheka. Mama yake alikuwa anamwambia kila siku aiache kazi isiyo na mshahara, akalime mpunga. Hakuacha. Sauti ya Bujiku, kama ingerudi, ingerudi kwa dirisha lile tu.

Novemba mvua zikaja, zile unazozikumbuka, zilizokata reli na barabara. Alhamisi moja saa nane habari ikafika Isaka kwamba maji yameingia kwenye duara moja la Nyarugusu, shimo refu la dhahabu, na kuna watu chini. Wanawake waliokwama stendi wakielekea kwa waume zao machimboni wakajaa dirishani, kanga zimelowa, wanasukumana. Nyamizi alijua pampu za maduara yale zinafungwa na nani. Alijua fundi pampu hushuka.

Angeweza kuuliza la kwake kwanza. Kitufe kilikuwa mkononi mwake. Mbele yake alisimama Scolastika, mjamzito.

"Nianze na wewe, mama," Nyamizi alisema, akabana kitufe. "Nyarugusu, ni mimi mke wa Pantaleo. Mume wangu yuko wapi? Nina mimba ya miezi saba. Ova."

Kule Nyarugusu, Gregory alikuwa shimoni anavuta kamba. Nitin alikuwa amemkamata mkono fundi aliyetoka kwenye pampu, matope mpaka nywele, akamkalisha mbele ya mashine: "Wewe unawajua wote kwa majina. Jibu." Fundi huyo alikuwa Bujiku.

Alisikia sauti ile, akasikia *mke wa Pantaleo*, moyo ukamwuma. Pantaleo mwenyewe alikuwa amekaa nje, amefunikwa blanketi.

"Pantaleo yupo. Ametoka mzima. Ova."

"Mume wangu Kulwa yuko wapi? Tumeoana Pasaka. Ova."

Bujiku alichungulia nje. "Kulwa yupo. Ova."

"Mume wangu Masanja, yule mwenye kovu la shavu. Ova."

Nyamizi alipofika kwa mume wa tano, Bujiku aliweka kichwa mezani. Wa nane, alikuwa anacheka huku machozi yanachora mistari kwenye matope. Wa tisa alikuwa amesimama mlangoni, anataka kumjibu mkewe, na Nitin hakutaka mtu mwingine aguse kitufe. Kwa hiyo Bujiku akasema kama yeye: "Mke wangu, ni mimi, nimepona, usilie. Ova." Hapo akajua kazi ya Nyamizi ilivyo.

Waume kumi na mmoja. Wote walitoka.

Foleni ikaisha. Wanawake hawakuondoka. Nyamizi alibana kitufe, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Namtafuta Bujiku, fundi pampu. Ova."

"Anayemtafuta ni nani? Ova."

Nyamizi aliitambua sauti. "Ni mimi mwenyewe. Leo simsemei mtu. Ova."

"Na Ignas? Ova."

"Ignas ni wa Mwamvua mwuza mitumba, mjinga wewe. Nilikula pilau yao. Wiki tano umeninyima sauti kwa ajili ya pilau ya watu? Ova."

Dirisha zima likaangua kicheko. Scolastika alicheka ameshika tumbo.

"Nyamizi, wazee watakuja Jumamosi, barabara ikipitika. Ova."

"Hayo unamsemea nani? Ova."

"Namsemea Bujiku. Ova."

"Basi waje. Na yeye aje ameoga. Ova."

Scolastika alikuwa wa kwanza kuinama kwenye kopo. Alitia noti yenye unyevu, akamsukuma wa nyuma yake, na wa nyuma akamsukuma mwingine. Jumamosi ile kopo halikuwa na kisoda hata kimoja.

Ilikuwa Jumamosi hiyo moja tu. Iliyofuata, vifungo vilirudi. Nyamizi anahamia Nyarugusu mwezi wa sita, na kiti chake hakijapata mtu. Hakuna binti mwenye akili atakayekikalia kwa malipo ya visoda. Mvua zitarudi. Siku hiyo mkeo atasimama dirishani akikutafuta, ndani hamna mtu wa kuwa sauti yake.

Leo umepita tena Isaka, na lori lako bado linapakia. Weka kikombe chini, nenda kwenye lile kopo sasa hivi, utie.