Ufito Mkavu

Jirani yangu alikuwa mchokoaji wa pweza miambani, kazi ya watu wawili na neno moja. Maji yakipwa, mmoja huchokoa shimo kwa ufito wa chuma. Akishahakikisha hamna mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, husema, "Safi." Hapo ndipo mwenzake hutia mkono. Kwa miaka tisa alichokolewa mashimo na mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, na kwa miaka tisa alirudi nyumbani na vidole kumi.

Asubuhi hiyo kulikuwa shwari. Walifika shimo la kwanza wakimcheka mume wa jirani yangu, ambaye siku hizi alijipulizia manukato kwenda kununua misumari. Mdogo mtu ndiye aliyecheka zaidi.

"Safi, dada."

Akatia mkono.

Mkunga ana meno mdomoni na mengine kooni, ya kuvutia ndani. Haumi akaachia. Kidole cha pete kilikwenda, na pete yake. Akiwa amepiga magoti, damu ikitapakaa majini, jirani yangu aliutazama ufito wa mdogo wake.

Ulikuwa mkavu. Mkavu hadi ncha.

Kabla kidonda hakijafunga, mdogo mtu alikwisha kuolewa na shemeji yake, yule wa manukato. Watu walisema mikosi huandamana. Watu wana adabu sana.

Mwezi wa tatu baada ya ndoa, mchana kweupe, mdogo mtu akabisha hodi. Amekonda. Ananong'ona.

"Dada, pete yako imo kwenye pipa la bafuni."

"Itoe."

"Kuna kitu kinahema mle. Mume wangu hakisikii. Njoo unichokolee. Nakuamini wewe tu."

Jirani yangu akachukua ufito wake.

Pipa lilikuwa la maji ya bomba. Maji yalikuwa meusi. Akachokoa. Chuma kikakamatwa. Kikavutwa chini, polepole, mara mbili. Kikaachiwa.

Akamtazama mdogo wake, yule mtoto aliyewahi kumbeba mgongoni.

"Safi," akasema. "Tia mkono."

Pipa lilipomwagwa halikuwa na kitu. Si pete, wala kile kilichopungua kwenye mkono wa mdogo mtu.

Ufito umeegemea nyuma ya mlango wa jirani yangu hadi leo. Miambani hajarudi. Kila asubuhi huufuta kwa kitambaa, na kila jioni ncha yake inadondosha maji ya chumvi.