Paneli Zilizokatwa Mchana

Saa saba na dakika arobaini mchana, muuguzi wa zahanati aligundua kwamba jokofu la chanjo limenyamaza. Akapanda ngazi hadi paani. Nyaya za paneli zote kumi na mbili za sola zilikuwa zimekatwa.

Saa nane na robo Inspekta alifika, mwanamke mrefu asiyependa kuketi. Muuguzi akamweleza mambo yalivyo. Nchi iliishi kwa mafuta yake. Korona iliposhusha bei na kiwanda cha kusafishia mafuta kikapunguza watu, serikali ikatoa sera mpya: zahanati ziendeshwe kwa jua. Hii ilikuwa ya majaribio. Kesho saa tatu tume ingekuja kukagua. Ikikuta umeme umekatika, jenereta zingerudi, na binti aliyefunga paneli hizo angekosa kazi ya kuzifunga mkoa mzima.

Vidole vyote vilimwelekea mwendesha jenereta wa zamani, aliyeitwa Dizeli.

"Afande, mimi hata nikikohoa naambiwa nimezima jua," alisema. "Mtu wa kwanza kushukiwa angefanyaje ujinga huo?"

Inspekta akamuuliza, kama angekuwa yeye, angekataje. Dizeli akajibu kwamba angezima swichi kuu, kisha akate. Jenereta ukiizima, imekufa.

Inspekta akapanda paani. Swichi kuu haikuguswa. Vumbi la paneli lilikuwa na mistari mipana, kama kitu kizito kimeburutwa juu yake. Akamwita yule binti fundi, akamwonyesha.

Binti alijibu kwa sauti ndogo kwamba paneli haizimwi kwa swichi. Jua likiwaka, waya una umeme. Anayejua hufunika paneli kwa turubai kwanza, asipigwe shoti.

"Nani anayejua hayo hapa mjini?"

Binti aliangalia ile mistari ya vumbi. "Mimi. Na dada yangu."

Tangu saa sita hadi saa nane binti alikuwa ofisi ya mkoa. Karani alithibitisha kwa simu.

Saa tisa Inspekta na binti walimkuta dada yake uani, anasugua turubai kwa sabuni.

"Watu hufua mashuka," Inspekta alisema. "Turubai hukung'utwa tu. Unaondoa vumbi la wapi?"

Dada alisugua mara mbili zaidi, akaacha. Alieleza bila kulia. Kiwanda kiliwaachisha kazi wote wawili. Wakati wa kufungiwa ndani walisomea sola kwa simu moja, ya kwake, na yeye ndiye aliyemfafanulia mdogo wake hesabu hadi zikamwingia. Barua ya kazi ikaja na jina moja. Majirani wakaanza kumwita dada wa fundi.

"Hata mama," alisema. "Anapiga simu kumuuliza fundi hali. Mimi natumiwa salamu."

Mdogo wake akasogea. "Dada, leo nilikwenda ofisini kuomba wakuchukue na wewe. Wamekubali."

Dada akamgeukia.

"Uniombee kazi niliyokufundisha mimi?"

Akasimama, akampa Inspekta mikono yenye povu.

Mdogo hakuwafuata hadi kwenye gari. Alirudi zahanati, akapanda paani peke yake na koleo na waya mpya. Saa kumi na moja na nusu jokofu likaanza kuunguruma. Muuguzi alimwita ashuke anywe maji. Binti alisikia, ila hakushuka mpaka macho yalipomkauka.