Mbwa Aliyerudi Kings Heath

Bakuli la maji lilikuwa tupu. Walter alilitazama pale chini kando ya mlango wa jikoni, akajaribu kukumbuka kama ni yeye aliyelimwaga. Jana jioni, kabla ya kwenda kwake Ladywood, alikuwa amelijaza ili kumridhisha mzee tu, maana ndani ya nyumba ile hapakuwa na mbwa. Drover alikuwa amepotea siku tisa zilizopita kwenye milima ya Shropshire, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Birmingham, na Mzee Harold hakuwa na nguvu za kutoka kitandani peke yake. Walter aliliinua bakuli. Ukingoni lilikuwa na ute mzito, na ute ule ulikuwa na uvuguvugu.

Alilisuuza, akalijaza tena.

Ilikuwa Februari ya mwaka 2009, theluji imelala mpaka kwenye vizingiti vya milango. Walter, Mluhya wa Kakamega, alikuwa na mwaka wa nne katika kazi ya kutunza wazee. Nyumba ya Mzee Harold, nyuma ya High Street ya Kings Heath, aliihudumia kwa zamu na Peninah, mama wa makamo kutoka Machakos. Mzee hakuwa na mke wala mtoto. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kulea mbwa wa kuwinda mbweha, na sheria ilipopiga marufuku uwindaji ule, kundi lake lilivunjwa, mbwa wakagawiwa watu, yeye akabaki na mmoja: Drover, dume kubwa lenye mabaka, na sauti nzito iliyowafanya majirani wagonge ukuta.

Walter ndiye aliyempoteza. Mzee alikuwa ameomba kwa wiki nzima aonyeshwe tena milima ya ujana wake, na siku ya mapumziko Walter akamwomba rafiki yake Abdisamad, dereva wa teksi, awapeleke. Mzee walimwacha garini na blanketi, hita ikiwaka. Walter alipanda na mbwa mpaka chini ya majabali. Mzee alikuwa amemwambia amfungue anyooshe miguu, naye akamfungua. Drover aliinua pua, akatoa mlio mmoja mrefu, akaingia ukunguni. Walimngoja mpaka kiza kilipowafukuza. Kesho yake mzee akaacha kula.

Basi Walter hakutulia. Alikuwa akila amesimama, akilala anashtuka. Alirudi milimani mara mbili. Mara ya kwanza hakuona kitu ila kondoo na theluji. Mara ya pili ilikuwa ile jana ya bakuli.

Siku hiyo Abdisamad alitangulia. Alikuwa Msomali wa Garissa, na tangu utotoni baba yake alimfundisha kufuata nyayo za ngamia, kwa hiyo alikwenda ameinama, macho chini, mpaka ukungu ukammeza. Walter akabaki nyuma peke yake, na hapo ndipo alipomsikia Drover. Mlio ulitoka upande wa majabali, chini chini, kama unaotoka ndani ya mwamba wenyewe. Alisimama atege sikio. Nyuma yake mtu akamwita.

"Walter."

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu anayemjua. Alidhani Abdisamad amezunguka.

"Naam, niko huku," akaitika.

Mlio wa mbwa ukakatika papo hapo. Abdisamad akatokea ukunguni, lakini akatokea mbele, akamwuliza alikuwa anaongea na nani. Walter akasema, si wewe umeniita. Abdisamad akamshika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

"Warya, ndugu, mimi sijakuita," alisema kwa sauti ya chini. "Twende nyumbani. Mahali kama hapa mtu haitiki mpaka aone uso."

Siku mbili baada ya bakuli, harufu iliingia. Ilikuwa harufu ya manyoya yaliyoloa, na chini yake kitu kama chuma kilichozikwa. Peninah alifungua madirisha, akasugua zulia na dawa, akalaumu mabomba. Alikuwa mtu wa kanisa, na mambo ya majini aliyahesabu kuwa maneno ya watu wa pwani. Lakini alimweleza Walter, macho yake yakiwa kwenye mlango wa chumba, kwamba mzee ameanza kula tena, na kwamba mkono wake wa kulia sasa unaning'inia nje ya kitanda mchana kutwa, unapapasa hewa kwa utaratibu, kuelekea upande mmoja na kurudi, kama anayefuata mgongo.

Waliingia wote wawili. Mzee alikuwa akitabasamu. Mkono ulikuwa ukienda na kurudi.

Peninah aliita kwa woga, "Drover." Hakukuwa na kitu. Akashusha pumzi, akageuka kusema, "Unaona, Walter," na kabla hajamaliza, chini ya kitanda kikasikika kitu kikipiga sakafu, du, du, du, kama mkia wa mbwa aliyesikia anaitwa.

Walitazamana. Hakuna aliyeinama kuangalia.

"Litaje na wewe jina lako," Peninah alinong'ona.

Walter hakulitaja.

Alhamisi simu ya nyumbani ililia. Alikuwa mchungaji wa kondoo wa kule Shropshire, ameisoma namba kwenye ukosi wa mbwa. Alisema kwa huruma kwamba amemkuta Drover bondeni chini ya majabali, shingo imevunjika, na kwa jinsi theluji ilivyomfunika, bila shaka alianguka siku ile ile aliyopotea. Aliuliza kama wangependa amzike. Walter alikubali, akamshukuru, na mchungaji alipomwuliza anaongea na nani, akataja jina lake bila kufikiri, na kutoka chumbani, kupitia mlango uliofungwa, akasikia sakafu ikipigwa, du, du, du, bila haraka, kwa furaha, huku mzee akicheka.

Tangu siku hiyo mzee alianza kuisha. Alikula kila alichopewa, tena akaomba zaidi, na bado mifupa ya uso ilijitokeza siku hadi siku kama mawe mto unapokauka. Peninah ndiye aliyeona sababu. Aliingia ghafla mchana mmoja akamkuta mzee anakula kijiko kimoja, kisha anaishusha sahani chini kando ya kitanda, anangoja, anaipandisha, anakula kingine, na sahani kila ilipopanda ilikuwa imelambwa ikang'aa. Peninah alimwambia Walter jambo hilo jikoni, akilia bila sauti. Walter alikwenda akampa mzee habari za mchungaji, kwamba Drover amekufa na amezikwa. Mzee alimjibu kwamba anajua. Alisema yeye amelea mbwa miaka arobaini na anajua mkono wake unamshika nani, na huyu si Drover, lakini ni nani mwingine aliyekuja kukaa naye.

Abdisamad ndiye aliyempeleka Walter kwa Mzee Mselem. Mselem alikuwa Mpemba, mshona kanzu, akikaa Sparkbrook juu ya duka la Lakhbir la viungo. Walter alimwamkia shikamoo, akaeleza yote, na mzee yule akasikiliza bila kuinua macho kwenye kitambaa chake.

Mselem alisema kwamba majabali yana wenyewe, huku kama kwao, na kwamba wengine hupenda umbo la mbwa kwa sababu mbwa hupewa nafasi karibu na kitanda. Jini lile lilikuwa likingoja kuitikiwa. Walter alipoitika alilipa jina lake, nalo kwa jina lile likamfuata mpaka mlangoni. Kwa jina lile lile lingetoka. Walter asimame mlangoni, ajiite mwenyewe, alipeleke mpaka pale alipoitika, afunge kamba ya mbwa kwenye jiwe pamoja na kipande cha mvuje, utomvu mkali unaofukuza majini, kisha ateremke.

"Litakuita," Mselem alisema. "Litakuita kwa sauti ya yeyote unayemjua. Usiitike, usigeuke, mpaka mlango wa gari ufungwe. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mzee."

Sindano ya Mselem ikasimama. "Na huyo mgonjwa wako, amekula nalo chombo kimoja? Niambie kweli. Kama wamekula pamoja usiliguse, maana hapo watakuwa wameshikana, na asiyejua kuwatenganisha hajui atatoka na yupi. Itabidi nije mwenyewe, na mimi sitaweza kabla ya Jumapili, kifua changu kibovu."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Walter alifikiria uso wa mzee, ulivyobaki ngozi tu. Alifikiria siku mbili nyingine za kusikia sakafu ikimfurahia.

"Hapana," akasema. "Hawajala pamoja."

Walinunua mvuje kwa Lakhbir, kipande kidogo kinachonuka kupita karatasi, na asubuhi ya Jumamosi Peninah akakaa na mzee huku Walter akisimama kwenye kizingiti na kamba mkononi, akilisema jina lake mwenyewe kwa sauti ya kuita, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu harufu ilimpita miguuni. Teksi ya Abdisamad, iliyokuwa wazi kando ya njia, iliinama upande wa nyuma kama kuna mtu mzito aliyeingia.

Waliondoka. Abdisamad alisoma Ayatul Kursiyyu, akaimaliza, akairudia, mikono imekaza usukani, na Walter, Mkristo aliyebatizwa, akajikuta anaitikia amina kila mwisho. Kioo cha nyuma kilikuwa kikiingia ukungu wa pumzi kutoka ndani, kinakauka, kinaingia tena. Karibu na mpaka wa Wales pumzi zile zilibadilika. Zikawa fupi, za kukwama, zenye mkoromo wa kifua cha mtu mzee, na Walter, ambaye kwa miaka minne alikuwa ameamka na kulala akizisikiliza pumzi za wazee, alilijua koo lile, akakataa kulijua, akatazama mbele.

Alipanda peke yake. Theluji ilimfika magotini na upepo ulimrushia chembe usoni kama mchanga, na kila hatua aliyopiga kamba ilivutika nyuma yake, si kwa nguvu za mbwa anayepinga bali kwa uzito wa kitu kinachojikwaa, kinachoanguka na kunyanyuka, kisichojua kwenda kwa miguu minne, mpaka akayafikia majabali, akaifunga kamba kwenye jiwe bila kuangalia alichokuwa anakifunga, akabana mvuje ndani ya fundo kwa vidole visivyokuwa na hisia tena, akageuza mgongo, akaanza kuteremka.

Lilimwita. Lilimwita kwa sauti ya Abdisamad, naye akazidi kuteremka. Lilimwita kwa sauti ya marehemu mama yake, kwa Kiluhya, kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mtu Birmingham aliyelijua, naye akauma kiganja cha glavu, akaendelea kuteremka. Kisha, alipokuwa karibu kufika barabarani na akiuona moshi wa teksi, alisikia sauti ya tatu, na hii haikuwa tamu wala haikubembeleza, ilikuwa sauti ya Mzee Harold kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, imejaa hofu, ikimwuliza yuko wapi, ikimwambia kwamba haoni kitu, kwamba amefungwa shingo, kwamba miguu yake imo thelujini na hana viatu, Walter, tafadhali, nitazame mara moja tu, mwanangu, mimi ndiye. Walter alisimama. Abdisamad, aliyekuwa amefungua mlango wa gari, alimwona analia amefumba macho, akatikisa kichwa kwa nguvu: usigeuke. Sauti ikaita tena, ikapasuka, ikageuka kikohozi.

Walter akaingia garini, akafunga mlango. Saa ya teksi ilionyesha saa nane na dakika ishirini mchana.

Peninah aliwapokea nje barabarani bila koti. Alisema harufu iliondoka asubuhi pamoja nao, ikakatika kama mtu amezima taa. Alisema pia kwamba mzee alilala tangu saa ile, hakuamshika, na baada ya saa nane mchana pumzi zilimwisha. Peninah alikuwa ameshika simu ili aite gari la wagonjwa, akaziona zimerudi. Mzee aliketi mwenyewe. Akashuka kitandani mwenyewe, akaenda jikoni kwa miguu yake, akafungua friji, akala nyama ya kusaga iliyokuwa mbichi.

"Amepona," Peninah alisema, na uso wake haukufurahi. "Nenda umwone. Mimi siingii tena."

Abdisamad alibaki mlangoni. Walter aliingia.

Mzee Harold alikuwa kwenye kiti cha dirishani, wima, mashavu yamejaa, mikono imetulia juu ya magoti. Alimtazama Walter tangu anaingia mpaka anasimama mbele yake, hakupepesa. Mwanga wa jioni ya theluji ulimwangukia usoni, na Walter akatafuta ndani ya macho yale yule mtu aliyemnyoa na kumvisha soksi kila siku kwa miaka minne. Alimtafuta kwa muda mrefu.

Mzee akafungua kinywa, na yeye aliyezaliwa Shropshire, asiyewahi kujua hata salamu ya Kiswahili, akasema kwa Kiswahili safi, kwa lafudhi ya Kakamega, kwa sauti ya upole ya mtu anayemjua:

"Yule uliyemwacha kule, Walter, anaona baridi sana."